Watafiti walichukua unga na mkojo kwa bimkubwa Kongwa, majibu yanaendaga wapi?

MwanaWaKongwa

Wakuu habari za jioni, na ndugu zangu wa huku kati mbukwenyi.

Nina jambo linanisumbua kitambo, wenye uelewa naomba mnisaidie. Mimi nipo Dodoma mjini kwenye mihangaiko ila nyumbani ni Kongwa, bimkubwa yupo kijijini anaishi na wajukuu wawili. Mwaka juzi baada ya mavuno walikuja vijana watatu na gari, wapole, wana adabu, wakasema wanatoka chuo kikuu wanafanya utafiti wa chakula cha watoto. Wakamhoji kama saa nzima na nusu wanajaza kwenye kishikwambi, mtoto anakula nini, mara ngapi, mahindi unaanikia wapi, unahifadhi kwenye nini, wakamlaza mtoto wa dada yangu kwenye ubao wakampima urefu, wakampima uzito, wakachota unga kwenye debe wakatia kwenye kimfuko wakaandika namba, na mkojo wa mtoto wakachukua. Wakaacha mche wa sabuni na kilo ya sukari, bimkubwa akashukuru, wakaondoka.

Mpaka leo kimya. Kila nikienda nyumbani lazima aniulize "wale watu wa mkojo hawajarudi?" Mwanzoni nilikuwa namjibu watarudi mama, siku hizi sina la kumjibu. Na kinachoniuma hamuulizii mtu kwa lawama, anauliza kwa sababu anataka kujua kweli kama ule unga ulikuwa na kitu, maana ndo huohuo anaompikia mtoto uji, na mahindi anayahifadhi vilevile kama siku ile walivyomkuta.

Upande wa pili sasa, mimi kwenye simu kila siku nakutana na "watafiti wa chuo kikuu wamegundua", leo dawa ya kansa, kesho betri ya gari, kesho kutwa mdudu mpya kapatikana msituni, na magrupu ya WhatsApp ndo usiseme. Najiuliza hizi za kwenye simu na ule wa debe la mama yangu ni kitu kimoja au? Kwa hiyo naomba kujua, majibu yanaendaga wapi na tuna haki ya kuyadai? Mtu wa kawaida anajuaje utafiti huu wa kuuamini na huu wa kuupita? Na je kuna utafiti wowote umefanyika huku kwetu ukabadilisha maisha ya watu kweli au ni kuchukua tu?

Naomba kuwasilisha.

Dodoso_Mkononi

Kaka nimesoma nikarudia, maana kazi yangu ndo hiyo, mwaka wa 6 huu nakusanya data Bahi, Chamwino, Mpwapwa mpaka Kondoa huko, na hilo swali la bimkubwa nimeshaulizwa na akina mama wengi, wengine wananikumbuka mpaka jina. Ngoja nikueleze njia yake ilivyo.

Unga na mkojo vikitoka pale vinaingia kwenye kiboksi cha barafu, jioni vinawekwa kwenye friza. Jina la mtoto linabaki kwenye daftari moja linalofungiwa kabatini, sampuli inasafiri na namba tu, na hiyo ni kwa ajili ya kumlinda, asije mtu wa maabara akajua habari za mtoto wa fulani. Hapo sampuli zinasubiri wenzake wafike mamia, zinapimwa kwa pamoja, wakati mwingine zinapelekwa nje ya nchi kabisa, halafu mtafiti anakaa na mahesabu, anaandika, anapeleka kwenye jarida, jarida linawapa wataalamu wengine wamkosoe, anarudishiwa anarekebisha, miaka miwili mitatu imeshakatika. Kinachotoka mwisho ni karatasi ya Kiingereza inayosema watoto asilimia kadhaa walikutwa na kiasi fulani, bimkubwa hayumo humo kwa jina na mara nyingine hata kijiji hakitajwi.

Haki ya kujua anayo. Utafiti wa afya unaogusa mwili wa binadamu hapa nchini haufanyiki bila kibali cha kamati ya maadili, iwe ya NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) au ya chuo chenyewe, na kabla ya kuchukua mkojo lazima alisomewa fomu ya ridhaa akaweka sahihi au dole gumba. Ile fomu huwa ni nakala mbili, moja inabaki kwake. Itafuteni, mwambie aangalie kwenye kadi za kliniki au popote anapotunza makaratasi yake. Chini kabisa kuna jina la mtafiti mkuu na namba ya simu, na namba ya kamati iliyotoa kibali. Ikishindikana nenda kwa mtendaji wa kijiji, hatuingii kijijini bila barua ya utambulisho kutoka halmashauri na nakala inabaki ofisini kwake.

Ukipiga simu utofautishe vitu viwili. Kuna matokeo ya jumla ya utafiti na kuna majibu ya mtoto wenu peke yake. Ya jumla usikubali kuambiwa hayapo. Ya mtoto inategemea fomu ilisemaje, na ukweli ni kwamba kama walikuwa wanapima sumukuvu, ile sumu ya kuvu kwenye nafaka, kwenye mkojo, kipimo kile kinaonyesha alichokula siku moja au mbili zilizopita, sio historia yake yote, kwa hiyo jibu la mwaka juzi leo halimsaidii mtoto sana. Ila unga na namna ya kuhifadhi hapo ndo penye faida yenu, walitakiwa warudi waseme.

Kwa upande wetu sisi wa chini, tukishatuma data mkataba umeisha, hela ya mafuta ya gari ya kurudi vijijini haikuwekwa kwenye bajeti. Nimeshasema kwenye vikao zaidi ya mara tatu na nitaendelea kusema, siku mbili za kurudi kijijini ni hela ndogo sana ukilinganisha na tunazotumia kupimia.

Mama_Gunia_Kibaigwa

Mwanangu mimi nauza na kununua mahindi soko la Kibaigwa mwaka wa 14 huu, sijasoma sana ila hili la sumukuvu nimelisoma kwa sababu limenigusa mfukoni na kwenye roho pia.

2016 watu walikufa huku kwetu, Dodoma na Manyara, Chemba na Kondoa na Kiteto huko. Watu wanavimba tumbo, macho ya njano, wanatapika, mwanzo wengine wakasema wamerogwa. Wataalamu walipokuja kupima wakakuta ni mahindi ya nyumbani kwao, yana sumu ya kuvu kupita kiasi. Waliohesabiwa kuugua ni 68 na waliofariki ni 20. Kiwango kinachoruhusiwa kwa mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa jumla ya sumu zake, na ile mbaya zaidi inayoitwa B1 isizidi 5, ni kitu kidogo mno hakionekani kwa macho. Halafu Machi 2021 Kenya wakazuia mahindi yetu kwa sababu hiyohiyo, sisi wa sokoni tukabaki na mzigo, hapo ndo kila mtu akaanza kuuliza hiyo sumukuvu ni kitu gani.

Sasa nikwambie kitu ambacho nimejifunza kwa mtaalamu mmoja aliyekuja kupima pale sokoni. Nilikuwa nadhani ukichota konzi moja juu ya gunia umejua gunia zima. Akasema hapana mama, sumu haikai sawasawa, bunzi moja linaweza kuwa chafu sana na tisini na tisa yote mazima, ukichota penye uzima utasema gunia safi, ukiangukia penye ubovu utasema lote ni sumu. Ndo maana alikuwa anachoma bambo, kile chuma cha kutobolea gunia na kuchota, juu, katikati, chini, pembeni, magunia mengi, anachanganya kwenye beseni, anasaga, ndo anapima. Tangu siku ile mtu akiniambia "tumepima" nauliza umechoma bambo mara ngapi.

Bimkubwa asisubiri majibu, aanze hivi. Mahindi yasianikwe chini kwenye udongo, atandike turubai. Kabla ya kuhifadhi apime ukavu kwa chumvi: achukue chupa ya kioo kavu, aweke mahindi kiasi na chumvi kavu kijiko kikubwa, afunge atikise vizuri kisha aiache itulie dakika kumi hivi. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa mahindi bado mabichi, arudishe juani, chumvi ikishuka yote chini kioo kikabaki safi hapo yamekauka. Halafu kabla ya kusaga achambue kwa mkono, yale yaliyovunjika, yaliyotobolewa, yenye rangi ya kijani au nyeusi atoe. Na ya uji wa mtoto akoboe, sumu nyingi inakaa kwenye ganda na kiini, dona ya mahindi mabovu ni hatari kuliko sembe yake. Yale mabovu na pumba zake asiwape kuku wala ng'ombe, sumu inapita kwenye maziwa ikarudi kwa mtoto.

Tetere

Dada hapo kwenye mifuko hujagusia, ile ya PICS.

Mama_Gunia_Kibaigwa

Kweli kaka nilikuwa nakuja huko. Ile mifuko ya tabaka tatu nayo ni utafiti wa chuo kikuu huo, Purdue cha Marekani, walianza na wakulima wa kunde wa Kameruni miaka ya 80 mwishoni. Ndani kuna mifuko miwili ya nailoni ngumu, nje mfuko wa kawaida, ukifunga vizuri wadudu wanamaliza hewa ya humo ndani wanatulia, hawali tena hawazaliani, hakuna dawa ya unga. Mimi nimeacha kabisa kuweka dawa kwenye mahindi ya kula nyumbani. Ila watu wanaelewa vibaya, mfuko hausafishi. Mahindi yakiingia na sumu yatatoka na sumu, yakiingia mabichi yataozea humo. Chumvi kwanza ndo mfuko.

Nesi_Zamu_ya_Usiku

MwanaWaKongwa hilo swali lako la tatu limenigusa, kwamba kuna utafiti umebadilisha maisha huku kwetu. Kaka upo Kongwa na hujasikia habari ya vikope? Muulize bimkubwa, atakuwa anakumbuka.

Mimi nilianza kazi zahanati moja upande huo. Bibi zetu wengi walikuwa wanatembea na kibano cha kung'olea kope, wamekifunga kwenye pindo la kanga. Mtoto akiugua vikope mara nyingi kope la juu linapata makovu kwa ndani, akiwa mtu mzima linajikunja, kope zinaingia ndani zinakwaruza mboni kila anapopepesa, miaka kadhaa anakuwa kipofu. Nimemshika mkono bibi mmoja anang'oa kope zake mwenyewe bila kioo, kwa kupapasa tu, machozi yanamtoka na anaongea na mimi kawaida kabisa kama mtu anayepepeta mchele. Sijaisahau ile.

Sasa watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, Profesa Sheila West na wenzake pamoja na Watanzania, walifanya kazi Kongwa miaka mingi kuanzia miaka ya 80. Mmoja wa utafiti wao ulitoka 1995 kwenye jarida la Lancet, na nakuelezea kwa sababu unajibu na lile swali lako la pili la kuamini. Walichukua vijiji 6, jozi 3. Vyote vilipewa dawa ya kupaka machoni, ila kwa kila jozi kijiji kimoja kikachaguliwa kwa bahati nasibu kifanyiwe na uhamasishaji mkubwa wa kunawisha watoto uso. Watoto 1,417 wa mwaka mmoja hadi 7 wakafuatiliwa mwaka mzima. Kwenye vijiji vya kunawa nyuso safi ziliongezeka na vikope vikali vikapungua kuliko vijiji vya dawa peke yake. Unaona hapo, hawakusema tu "wanaonawa hawaugui", maana mwenye maji nyumbani huenda ana hela pia na ana choo, utajuaje ni kipi kimemsaidia. Walilinganisha kijiji na kijiji mwenzake, wote dawa wamepata, tofauti ni kunawa.

Na kabla ya hapo walikaa na akina mama wakagundua kikwazo sio uvivu. Mama alikuwa anaamini kunawisha uso kunakula maji mengi, na maji yanatoka mbali na ana ndoo mbili za siku nzima. Ikabidi waonyeshe pale kijijini kwamba maji kidogo sana yanatosha nyuso nyingi. Baadaye ikaja dawa ya azithromycin, dozi moja ya kumeza badala ya kuhangaika na dawa ya kupaka wiki sita. Leo mpango unaotumika duniani kote kwa vikope una upasuaji, dawa, kunawa uso na usafi wa mazingira, na ile sehemu ya kunawa uso ina jasho la akina mama wa Kongwa ndani yake. Wengi wao hawajui. Hilo ndo linaniuma kama wewe.

Fundi_Visima

Naongezea la maji. Mimi ni fundi wa mitambo ya kuchimba visima, watu wa Dodoma mjini maji mnayokunywa mengi yanatoka Makutupora, chini ya ardhi. Pale watu wa wizara wamekuwa wakipima kina cha maji kisimani miaka na miaka, mtu anashusha kamba yenye kipimo anasikiliza inagusa maji anaandika kwenye daftari, kazi ambayo hakuna anayeipigia makofi. Sasa 2013 Richard Taylor wa University College London pamoja na wahandisi wetu wa maji hapa walitoa utafiti kwenye Nature Climate Change kwa kutumia kumbukumbu hizo, miaka 55.

Walichokuta ni kwamba maji ya chini pale hayajazwi kidogokidogo kila masika kama tunavyodhani. Miaka mingi yanashuka tu, yanashuka, halafu unakuja mwaka mmoja wa mvua kubwa isiyo ya kawaida yanapanda kwa mkupuo. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ndo zilijaza kuliko zote. Baadaye watafiti wa SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, wakiwa na wenzao hao wakaonyesha mengi yanaingilia kwenye mchanga wa makorongo ya Mto Kinyasungwe Mdogo mafuriko yanapopita, sio shambani kila mahali.

Nikiunganisha na kazi yangu, maji tunayovuta leo ni ya mvua za miaka ya nyuma, na tangu 2016 serikali ilipoanza kuhamia huku watu wameongezeka kweli kweli. Mteja akiniambia "fundi kisima changu mbona mwaka jana kilikuwa na maji mengi" namweleza hivyo, na yale makorongo tunayochota mchanga wa kujengea usiku na mchana mimi binafsi naona tunajiziba mdomo wenyewe. Bila yule mtu wa kamba na daftari hakuna profesa wa London angejua hili.

Meno_ya_Singida

Huku kwetu Singida shida ni floraidi, meno ya kahawia tangu utotoni, watoto wanacheka wamefunika mdomo. WHO wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kitu watu wengi hawajui, kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua floraidi inabaki palepale kwa hiyo unaizidisha. Kuna chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe limefanyiwa kazi Ngurdoto kule Arusha miaka mingi, na kuna Dk Askwar Hilonga wa Chuo cha Nelson Mandela Arusha alitengeneza chujio la mchanga na teknolojia ya nano akashinda tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, 2015, ndo kwanza ilikuwa inatolewa mara ya kwanza. Huyu alichofanya kizuri ni kupima maji ya mahali husika kwanza, maana uchafu wa Singida sio uchafu wa Mwanza.

Kinyozi_Mnada

Mi naona wote wanatafuta digrii tu. Leo wanasema hiki kibaya kesho wanasema kizuri, utamfuata nani? Babu zetu walikula dona za kihenge wakaishi miaka 90.

Mwalimu_Fizikia

Kinyozi ndugu yangu, babu aliyeishi 90 tumemwona, wale waliofia utotoni hatukuwaona na walikuwa wengi, ndo maana kuhesabu kunahitaji kuhesabu wote.

Ila hoja yako ya kubadilika nataka niiheshimu maana wanafunzi wangu wananiuliza hivyohivyo. Huwa nawapa habari ya Erasto Mpemba, Mtanzania mwenzetu. 1963 alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, wanatengeneza aiskrimu kwa maziwa na sukari. Nafasi kwenye friza inaisha, akaogopa, akaweka maziwa yake ya moto hivyohivyo bila kuyapoza. Yakaganda kabla ya ya mwenzake aliyeweka bila kuchemsha. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa umechanganyikiwa. Baadaye yupo Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na alipong'ang'ania mwalimu wa huko akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba sio fizikia ya dunia. Halafu akaja Dk Denis Osborne wa chuo kikuu Dar kutoa mhadhara, kijana akanyoosha mkono akauliza swali lilelile, wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Akarudi Dar akaagiza lipimwe, na 1969 wakaandika pamoja, jina la yule mwanafunzi likiwa juu ya makala. Dunia nzima sasa inaita athari ya Mpemba.

Halafu 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, wakapima kwa uangalifu mkubwa wakasema hawajaliona, na wakaonyesha ukisogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini majibu yanabadilika. Wengine bado wanabishana nao mpaka leo. Je Mpemba alidanganya? Hapana, aliona alichokiona akasema. Je Burridge kamdharau? Hapana, kampima. Mwanafunzi akielewa hapo habari za "leo hivi kesho vile" zinaacha kumtisha, anaanza kuuliza ulipimaje.

MwanaWaKongwa, kwa hiyo ukikutana na ile ya "wamegundua dawa ya kansa" soma ushuke chini uone imepimwa wapi. Nyingi ni seli kwenye kisahani cha maabara au panya, na kuua seli kisahanini hata jiki inaua. Kutoka panya mpaka mgonjwa wa pale hospitali ya Benjamin Mkapa ni miaka mingi na dawa nyingi zinaishia njiani. Angalia walikuwa watu wangapi na kama kulikuwa na kundi la kulinganisha kama alivyoeleza Nesi kwenye vijiji vyake. Angalia kama kuna wengine wamerudia wakapata vilevile. Na neno "inahusiana" usilisome kama "inasababisha". Kwa mfano watoto waliodumaa wengi wamekutwa na sumukuvu mwilini, lakini mtoto anayekula mahindi mabovu mara nyingi ndo huyohuyo asiye na maziwa wala maharage, sasa kutenganisha hivyo viwili ni kazi ngumu na bado inafanywa. Hapo mimi sisubiri, mahindi mabovu yanaua ini hilo halina ubishi, ila ukiniuliza kama kuyaacha peke yake kutamrefusha mtoto nitakwambia mpe na maharage.

Mzee_wa_Reli

Wajukuu naomba niseme kidogo, huko Kongwa hata kutokupima tumekuona. 1947 Waingereza walileta matrekta kulima karanga, eneo kubwa, vita imeisha kwao mafuta ya kula hakuna. Kumbukumbu za mvua za miaka ya kutosha hawakuwa nazo, udongo hawakuupima vizuri. Kiangazi kikafika udongo ule wa mfinyanzi ukakauka kama saruji, karanga ziko chini hazing'oki, mvua nazo zikagoma. 1951 wakafunga, pauni kama milioni 36 zimekwenda. Marehemu baba alikuwa kibarua kule, anasema wenyeji walikuwa wanajua ardhi ile, hakuna aliyewauliza.

MwanaWaKongwa

Shikamoo mzee, na wote ahsanteni sana, nimechelewa kurudi maana nilienda nyumbani wikiendi hii kwa ajili ya jambo hili hili.

Fomu ipo! Dodoso ulichosema ni kweli tupu, bimkubwa aliiviringisha pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto kwenye mfuko wa nailoni akachomeka kwenye dari ya tembe, imekula moshi imekuwa kahawia ila inasomeka, dole gumba lake lipo pale la wino wa bluu. Nikapiga ile namba, mara ya kwanza haikupokelewa, jioni akapiga mwenyewe. Ni dada, kipindi kile alikuwa mwanafunzi anasoma shahada ya pili, ameshamaliza. Nilijiandaa kwa ugomvi lakini alivyosikia Kongwa tu akakaa kimya halafu akasema "kaka naomba unisamehe, ile kazi ilinipa digrii na sikurudi." Akasema tasnifu ipo maktaba ya chuo lakini ni ya Kiingereza kurasa zaidi ya mia, ataniandikia kurasa mbili za Kiswahili, na kama kijiji kitampokea atakuja mwenyewe kwa nauli yake kuelezea mkutanoni. Ya mtoto peke yake hawezi kutoa kwa simu, akija ataangalia daftari la namba kama kamati yao inaruhusu.

Mtendaji nimeshaongea naye, amekubali kuweka kwenye ajenda ya mkutano wa kijiji.

Mama Gunia, chumvi tumejaribu. Bimkubwa alikuwa na mahindi ameshayaingiza ndani anaamini yamekauka kabisa, tukatikisa kwenye chupa ya soda, tukasubiri, chumvi ikaganda pembeni yote kama ukungu wa asubuhi. Akaitazama ile chupa muda mrefu hasemi kitu, halafu akamwita jirani aje aone. Jumapili nzima turubai mbili zilikuwa nje.

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Ahsante kwa mrejesho kaka. Tarehe ya mkutano ikipangwa niambie, nina likizo mwezi ujao, nitakuja na chati ya ukuaji tuwapime na watoto hapohapo.

Dodoso_Mkononi

Na mimi nipo. Muulize huyo dada kama anahitaji mtu wa kumsaidia kutafsiri kwa Kigogo, sitaki malipo.

MwanaWaKongwa

Nitawajulisha wote. Bimkubwa anasema wasije Jumamosi, siku ya mnada hakuna watakayemkuta, waje Jumapili watu wakitoka ibadani. Na ameuliza huyo dada anakula mlenda au apikiwe kuku.